Bendera ya Sarafu Sita Niliyoiacha Bila Upindo

Bendera kumi na mbili za kwanza nilizoshona Texas zilikuwa juu chini. Bendera ya jimbo hili haina mafumbo: ukanda wa buluu wenye nyota moja, kisha weupe juu na wekundu chini. Mimi niliweka wekundu juu. Nilidhani rangi nzito hukaa juu, kama kofia. Mwenye karakana, mama wa Kivietnamu asiyependa maneno, alizitazama zote kumi na mbili, akafungua droo, akanipa kile kichuma cha kufumulia, akaenda zake. Nilifumua siku mbili. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na nane, na tangu nilipomaliza darasa la saba nilikuwa nikijiita fundi.

Naanza na hilo ili mjue anayewaandikia ni nani. Bahati ndiye aliyeniomba. Siku hizi yeye ndiye anayewapokea ninyi wageni pale karakanani Stafford, pembeni ya Houston, na kuwaonyesha mashine, na anasema mnapokosea mnalia chooni. Ameniambia, "Papa Omari, waandikie makosa yako, kitakuwa kitabu." Kitabu sitaki. Nitaeleza kosa moja kwa urefu na mengine nitayagusa tu.

Kwanza kazi yenyewe. Bendera hufa kuanzia mkiani, upande ulio mbali na mlingoti, kwa sababu huko ndiko upepo unakoipiga kama mjeledi. Kwa hiyo mkia unaukunja mara mbili na kuupitishia mistari minne ya uzi, na kwenye pembe unaongeza kipande cha pembetatu kwa ndani. Nailoni unaichoma ukingo kwa kisu cha moto kabla ya kukunja, ili nyuzi zisichomoke. Pamba haichomwi. Pamba ulinzi wake ni upindo peke yake. Ukiiacha wazi, upepo wa asubuhi moja unatosha. Haya nilikuwa nayajua vizuri kabisa, kama ninavyojua jina langu, siku nilipofanya nilichofanya.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2018. Mafuriko ya mwaka uliotangulia yalikuwa yameondoka Houston lakini harufu yake bado ilikuwa kwenye mazulia ya watu. Akaja mama mmoja Mjapani, mfupi, nywele nyeupe zilizokatwa sawasawa, amebeba mkebe wa biskuti. Alikuwa Bi Haruko. Yeye na mumewe walikaa Houston miaka mingi. Nyumba ilipoingia maji wakahamia Plano, kule juu karibu na Dallas, kwa mtoto wao anayefanya kazi ofisini. Sasa mume alikuwa amefariki, siku kumi tu zilizopita, na yeye alikuwa amerudi Houston kushughulikia makaratasi ya ile nyumba.

Ndani ya mkebe mlikuwa na kipande cha kitambaa chekundu, kimeota ukungu, kimeliwa nusu. Juu yake palikuwa na duara mbili nyeusi na kipande cha ya tatu, kila moja ina tundu la mraba katikati.

Nilitaka kuonyesha kwamba naelewa mambo. Nikamwambia vifungo hivi ni vizuri, anahitaji vingapi?

Akanitazama kidogo. Halafu akanieleza, taratibu, kwa Kiingereza ambacho hata mimi nilikifuata. Si vifungo. Ni sarafu za zamani za kwao, zile zilizokuwa na tundu ili zipitishwe kwenye kamba. Zilikuwa sita, mistari miwili ya tatu tatu. Ndiyo alama ya ukoo wa Sanada, watu wa vita wa miaka mia nne na ushee iliyopita. Kwao husemwa kwamba aliyekufa ana mto wa kuvuka, na nauli ya kuvuka ni sarafu sita, kwa hiyo maiti huwekewa sarafu hizo jenezani. Ukoo ule ulizichora kwenye bendera na kwenda nazo vitani. Maana yake kwa adui ni hii: nauli yetu tunayo tayari, kwa hiyo usitutishe na kifo.

Nikamuuliza kama mumewe alikuwa wa ukoo huo wa mabwana. Akasema hapana. Wazee wa mumewe walikuwa wabeba bendera tu, watu wa miguu. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa hesabu. Lakini bendera hiyo ilikuwa ya babu yake, na kila mwaka mwezi wa tano aliitundika barazani, na kila mwaka kulikuwa na jirani aliyebisha hodi kuuliza mkahawa unafunguliwa saa ngapi.

Alichotaka kilikuwa wazi. Bendera mpya ya pamba, nyekundu, sarafu nyeusi. Itundikwe nje siku ya kufunga msiba, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kisha ishushwe, ikunjwe, izikwe pamoja na majivu ya mumewe. Alisema, "Aliniomba jambo hili moja tu. Miaka yote hakuniomba kitu." Nikajaza fomu mwenyewe, maana mwenye karakana alikuwa nje. Aliponiambia siku mumewe aliyofariki sikumuuliza zaidi. Kufunga msiba nakujua. Nikahesabu siku arobaini kwa vidole, nikaandika tarehe.

Sasa niwaeleze kilichokuwa kichwani mwangu, maana bila hicho kosa langu litaonekana la kilevi, na mimi sinywi.

Mke wangu Mwanaidi alifariki Tanga mwaka mmoja kabla ya hapo. Makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa katikati ya njia, na wakili aliniambia nikitoka sina uhakika wa kurudi. Sikutoka. Naweza kuilaumu serikali, na kwa muda niliilaumu, lakini tiketi ilikuwepo na niliyeamua ni mimi. Alizikwa saa kumi jioni kwa saa za kule, na mimi nilikuwa kwenye mashine nashona bendera za duka la magari, za rangi ya machungwa. Hata ningekuwepo, sanda ya mwanamke hukatwa na wanawake. Lakini kitambaa ningekinunua mimi. Ningekigusa.

Na sanda, kwa wasiojua, haipindwi. Inakatwa, inafungwa kwa vipande vyake yenyewe, basi. Mashine haiisogelei.

Kwa hiyo Bi Haruko aliposema bendera itatundikwa nusu siku kisha iende kaburini, mimi nilisikia kaburini. Ile nusu siku ilinipita.

Niliikata kwa adabu kubwa, nayo ikanishinda hata hivyo. Duara nilizipima kwa kisosi cha chai. Matundu ya mraba nilikata matano sawa, la sita likakaa kimshazari kama kashata. Nikatupa, nikakata jingine. Ukingo wote nikauacha wazi, pande nne. Sarafu nikazibandika kwa mkono, mishono mirefu mirefu, milegevu, ili zisibanwe. Upande wa mlingoti tu ndio niliotia vitanzi vya kupitishia mti, maana bila hivyo isingening'inia.

Bahati ana meza jirani na yangu. Ni mtoto wa Uvira, alipitia kambi ya wakimbizi, akakaa Vickery Meadow kule Dallas kabla ya kushuka Houston, na jicho lake kwenye kitambaa halina huruma. Akainua pembe ya bendera kwa vidole viwili.

"Papa Omari, hii haina ourlet." Hivyo ndivyo wao wanavyouita upindo, kwa Kifaransa.

"Haihitaji."

"Itaenda inje kwa upepo?"

"Itaenda kaburini, Bahati. Kitu cha maiti hakipindwi."

"Sawa. Lakini upepo ya Texas haiulizake mutu dini yake."

Nikamwambia nimeshona tangu mama yake hajaolewa. Hilo ni jibu la mtu asiye na jibu, vijana, na mkimsikia mzee yeyote analitoa, mjue. Bahati akarudisha pembe mahali pake, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, ambayo ni namna yake ya kutukana.

Siku ya arobaini iliangukia Jumamosi. Bahati alikuwa anakwenda kumwona dada yake Vickery Meadow, akanichukua mimi na bendera. Ni mwendo wa saa nne barabarani, na mimi sipendi kuendesha kwenye barabara zile kuu, kwa hiyo nilikaa kama mzigo. Nilivaa kanzu yangu nyeupe na kofia. Nilibeba sinia nzima ya haluwa niliyoagiza kwa Mwarabu mmoja, maana huendi mikono mitupu kwenye arobaini ya mtu. Njiani nilikuwa nikijizoeza maneno ya kutoa pole.

Nyumba ya Bi Haruko kule Plano ilikuwa kimya. Hakuna magari, hakuna viatu mlangoni. Bi Haruko alifungua akiwa na glovu za bustani na udongo magotini. Akaitazama kanzu. Akaitazama haluwa. Nikaanza kutoa pole niliyojizoeza, nikafika katikati ndipo nikaona kwamba hajui kwa nini nimekuja leo.

Kwao ni saba mara saba. Arobaini na tisa. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Bahati aligeuka kutazama mti uliokuwa pale uani, akautazama kwa makini sana, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Bi Haruko ni mtu mwenye heshima. Alitukaribisha, akaipokea haluwa, akasema kuwahi si kosa. Akaomba kuiona bendera. Alikuwa na mti wa mwanzi uliokwishaandaliwa, wenye kijiti cha kulala juu ili bendera isijikunje. Tukaipitisha pale uani, tukasimamisha. Na kwa muda kidogo, nisiwadanganye, ilikuwa nzuri. Nyekundu kabisa, sarafu sita juu yake. Alisimama mbele yake mikono pembeni kama mwanafunzi paredi.

Kisha Plano ikavuta pumzi.

Kwanza nyuzi za mkiani zikatoka nje kama ndevu. Baada ya dakika kama tano mkia ulikuwa na ndevu urefu wa kidole. Sarafu ya chini upande wa nje ikaanza kupiga makofi. Nikasema kimoyomoyo shika, shika. Haikushika. Ilikatika, ikaruka juu ya ua, ikaenda kwa jirani, na Bahati akaikimbilia na sketi yake ya Jumamosi akipiga kelele za kuomba radhi kwa mbwa.

Nilikuwa na uongo tayari. Ni lazima niwaambie, kwa sababu mtakuja kuwa nao tayari pia. Uongo ulikuwa kwamba uzi ni mbovu, wa kiwanda fulani, tumeshalalamika. Mteja huwa haujui uzi. Bi Haruko alishika mkia wa bendera, akaupitisha kati ya vidole, akaona kwamba haukuwahi kukunjwa.

"Uliuacha hivi kwa makusudi?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia kuhusu sanda. Halafu, sikupanga, nikamwambia kuhusu Tanga, na wakili, na bendera za rangi ya machungwa. Nikamwambia kitambaa chake nilikikata kana kwamba ni cha mtu wangu, na hiyo haikuwa haki, kwa sababu alikuja kwangu kununua bendera.

Bahati alikuwa amerudi na sarafu mkononi, akasimama mbali kidogo.

Bi Haruko aliishusha bendera, akaikunja juu ya mkono. Ndipo akaniambia kwamba mama yake, kwao, alikuwa akiwashonea maiti vazi lao jeupe, na vazi hilo hushonwa bila fundo. Uzi haufungwi mwanzo, haufungwi mwisho, wala hurudii nyuma mshono. Fundo humshika anayetaka kuondoka.

"Kwa hiyo nimekuelewa," alisema. "Lakini, Bwana Omari, mume wangu bado yuko njiani. Wengine husema mtoni hufikwa ndani ya wiki ya kwanza. Yeye alikuwa mzito kwa kila jambo, naamini bado amepanga foleni. Akifika na sarafu tano, atarudi kuniuliza hesabu imekwenda wapi. Alikuwa mwalimu wa hesabu."

Sikujua kama inaruhusiwa kucheka. Bahati alicheka, basi na mimi.

Hivyo ndivyo nilivyokaa siku tisa kule kaskazini. Nilimpigia simu mwenye karakana, nikamweleza yote, nikasubiri. Akasema, "Rekebisha. Usilete bili." Dada yake Bahati akanipa kochi. Kila asubuhi nilitoka Vickery Meadow kwa miguu mpaka kituoni, nikapanda treni mpaka Plano, nikiwa na kanzu, kwa sababu sikubeba nguo nyingine zaidi ya suruali moja, nayo dada mtu alisisitiza ifuliwe. Kwenye treni watu walinipisha kiti. Nadhani walidhani mimi ni shehe wa mahali fulani. Nilikuwa fundi anayekwenda kupinda.

Tulifanya kazi kwenye meza yake ya chakula. Mashine yake ilikuwa ndogo, ya nyumbani, yenye sauti kama mtu anayesaga karanga. Ukingo ulioharibika ulitubidi tuukate, na upindo nao unakula kitambaa, kwa hiyo bendera ilipungua vidole vitatu kila upande, na sarafu zote zikawa haziko katikati tena. Bi Haruko alizifumua moja moja. Alifumua vizuri kuliko mimi, na mimi nina siku mbili za Texas juu chini mkononi. Nilimfundisha ile pembetatu ya pembeni. Yeye alinifundisha kuacha kuongea ninapohesabu mishono. Mkia niliupitishia mistari minne, nikaongeza wa tano kwa aibu. Sarafu nikazishona duara zima, mara mbili, na tundu pia. Hizi, nilimwambia, hata kimbunga kikija zitabaki, kitakachoondoka ni nyumba.

Siku ya nane ulibaki upindo wa chini tu. Nikaunyoosha chini ya sindano. Akaniwekea mkono juu ya kitambaa.

"Huu ushone kwa mkono," alisema. "Bila fundo."

Nikamwambia upande wa chini utafumuka. Akasema anajua. Nikamwambia labda usifike hata adhuhuri. Akasema kufika adhuhuri kunatosha.

Mnafikiri ni rahisi? Jaribuni. Mikono ya fundi hufunga fundo yenyewe, kama kope zinavyofumba. Mara ya kwanza nilifika mwisho, nikainua kichwa, nikaona Bi Haruko ananyoosha kidole: nimefunga. Nikafumua. Mara ya pili sikufunga mwisho, lakini nilikuwa nimefunga mwanzo bila kujua. Nikafumua tena. Mara ya tatu alikaa upande wa pili wa meza akishika ncha ya uzi kwa vidole viwili, na mimi nikashona kuelekea mbali naye, na nilipofika mwisho nilikata na kuinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Siku ya arobaini na tisa ndugu walikuja, wengine kutoka ng'ambo, wamevaa nyeusi. Bahati alikuja amebeba sambusa, maana alisema kanisa lake halimruhusu kuja na haluwa ya dini ya watu. Mimi nilikuwa na kanzu ileile, imefuliwa mara nne. Niliomba nikae nyuma. Bi Haruko akaniweka mstari wa pili.

Bendera ilipandishwa saa nne asubuhi na upepo haukuchelewa. Mkia ulishika. Sarafu sita zilikaa kama zimepigiliwa. Shemeji yake mmoja, mzee aliyekonda, alisogea karibu na kuzihesabu kwa kidole, akarudi kukaa. Nilijisikia vizuri sana kwa muda wa kama robo saa.

Kisha nikauona uzi wa chini. Ulikuwa umetoka kwenye pembe, urefu wa ukucha. Upepo ukauvuta, ukawa urefu wa kidole. Mshono mmoja ukaachia, wa pili ukafuata, bila haraka. Nilikwishasimama nusu kabla sijajua. Bahati akanishika kanzu.

"Papa, kaa."

"Unafumuka."

"Naona. Kaa."

Nikakaa. Uzi ulikuwa urefu wa kiganja sasa, mweupe, unacheza chini ya ule wekundu, na hakuna mwingine aliyekuwa akiutazama isipokuwa mimi na Bi Haruko. Yeye hakugeuka, lakini nilijua anautazama. Nikalitaja jina la Mwanaidi kimoyomoyo, mara moja. Vidole vyangu vilikuwa vimekwishashikana vyenyewe, cha gumba na cha shahada, kama vimebana sindano. Nikavitia chini ya mapaja pamoja na mikono yote, nikaikalia, na nikabaki hivyo, mshono baada ya mshono, mpaka walipoishusha.